Sauti niliyopanga nyumbani, kanisani inageuka matope. Kosa liko wapi?

Kinanda_Uyole (1)
Habari za Jumapili wakuu.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Uyole, Mbeya. Kinanda ni Yamaha ya familia ya PSR-S, mali ya kwaya. Wiki mbili zilizopita nilikichukua nyumbani nikakesha nacho, nikapanga sauti za ibada nzima na kuzihifadhi kwenye vitufe vyote 8 vya kumbukumbu. Kitufe cha 1 ndicho nilichokipenda kuliko vyote: kulia piano, chini ya piano stringi (fidla nyingi pamoja), na kushoto, kuanzia noti ya F# kushuka, pedi laini (sauti ya mandhari inayovimba polepole). Kiwango cha sauti piano nimeipa 100, stringi 85, pedi 80, na riverbu (mwangwi wa kutengenezwa) ya ukumbi mkubwa. Nilipovaa hedifoni nilitamani nimwamshe mke wangu asikie.

Leo ibada ya kwanza nabonyeza 1, naanza utangulizi, piano haipo. Vidole vinabonyeza, taa inawaka, ila kinachotoka kwenye spika ni ukungu. Ule ukungu wetu wa asubuhi, unasikia lori linapanda mlima na hulioni. Stringi zipo, pedi ipo, mwangwi upo, piano kama inapigwa nyumba ya jirani. Waimbaji wa tenori wakakosa noti ya kuingilia, wakaingia juu, mwalimu akasimamisha kwaya mbele ya usharika mzima tukaanza upya. Imeniuma sana.

Ibada ya pili nilishusha stringi hadi 60. Bado. Nani yamemkuta?

FundiSaundi_Mwanjelwa (2)
Pole mkuu. Hilo ni jengo.

Kanisa lina bati juu, sakafu ya saruji, kuta zimepigwa plasta, madirisha ya vioo. Sauti ikitoka haina pa kuzama, inagonga na kurudi. Wewe juu yake umeongeza riverbu ya ukumbi mkubwa ndani ya kinanda. Hapo zimekutana riverbu mbili, ya Yamaha na ya fundi ujenzi. Hedifoni haina ukuta, ndiyo maana kule kila kitu kilikuwa safi.

Alhamisi kabla wenzako hawajafika, simama katikati ya kanisa upige kofi moja kubwa, usikilize mkia wake unaisha lini. Ukiweza kusema "moja, mbili" kabla haujaisha, zima riverbu ya kinanda kabisa. Jengo litakupa bure.

MvuaYaTukuyu (3)
Naweka kambi hapa. Hili tatizo tunalo na sisi.

Kihesa_Juu (4)
Kamwene wote. Fundi namheshimu, lakini mimi naona kosa liko kwenye mpango wenyewe.

Tazama alivyorundika. Piano na stringi zinaimba oktavu ileile, na pedi inazisukuma kutoka chini. Kwenye hedifoni sikio linazitenga maana moja iko kushoto, nyingine kulia, nyingine katikati. Kwenye spika za ukumbi zinaingia mlango mmoja kwa pamoja, na mwenye sauti ndefu anamfunika mwenye sauti fupi. Piano inagonga halafu inafifia. Stringi na pedi hazififii mpaka uachie kidole. Sekunde moja tu baada ya kubonyeza, nani amebaki?

Hapa Iringa nilijifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga kinanda cha miguu, kile cha kukanyaga upepo. Alinifundisha kupanga sauti kama ogani ya mabomba inavyopangwa: unaweka msingi wa futi 8, juu yake futi 4, ukitaka kung'ara unaongeza futi 2. Futi 8 ndiyo noti yenyewe, maana bomba refu la safu hiyo lina urefu wa kama futi 8. Futi 4 ni oktavu moja juu, futi 2 ni oktavu mbili juu. Kila sauti ina ghorofa yake, hawagombanii chumba. Mkuu wa Uyole, pandisha stringi oktavu moja, zishushe hadi 45, halafu pedi ya kushoto itoe kabisa uweke besi inayogonga. Kwaya itakupata.

Mama_Soprano (5)
Mimi si mpiga kinanda, ni mwimbaji, kwaya yetu iko Njombe mjini. Niseme la upande wetu.

Sisi hatuingii kwa utamu wa sauti, tunaingia kwa mguso. Ile "ting" ya mwanzo wa noti ndiyo inayotuambia do iko wapi na lini tufungue mdomo. Vijana mnatupigia pedi zinazovimba polepole kama mkate, noti mmebonyeza sasa, sisi inatufikia baadaye. Tunachelewa, mnasema kwaya haina mapigo. Mpiga kinanda wetu aliyepita alikuwa anatupa noti ya kuingilia kwa piano tupu, stringi anaziingiza ubeti ukishaanza. Hatukuwahi kukosea.

FundiSaundi_Mwanjelwa (6)
Mama umesema kweli. Ila hata hiyo "ting" kwenye jengo la bati inapotea.

@Kihesa_Juu hoja ya ghorofa naikubali nusu. Mbona ameshusha stringi hadi 60 na piano haikurudi? Kama ni kufunikwa, ukipunguza blanketi kichwa kinatoka.

Kijana_wa_Tunduma (7)
Mimi nafikiri kinanda kimeishiwa noti. Changu kidogo kinabeba noti 32 kwa pamoja. Nikirundika sauti tatu halafu nikakanyaga pedali, nasikia noti zinakatika. Vidole 6 mara sauti 3 ni 18, nikibadili kodi (noti zinazopigwa pamoja) huku nimekanyaga zinakuwa 36, basi za zamani zinatolewa. Na sauti nyingine za stirio zinakula mbili kwa kila kidole.

Kinanda_Uyole (8)
Asanteni wote. @Kijana_wa_Tunduma piano ilipotea tangu noti ya kwanza, kidole kimoja. Haikukatika katikati. Na chetu kinabeba nyingi zaidi ya hizo.

@Mama_Soprano nimekusoma, hilo la kutoa noti kwa piano tupu nalichukua leo hii.

NotaZaMafinga (9)
Kabla hatujafika mbali. Ndugu wa Uyole, waya umechomeka tundu gani, na ncha ya waya ina pete nyeusi ngapi?

Kinanda_Uyole (10)
Mwalimu, tundu la nyuma la kushoto limelegea, linakwaruza. Kwa hiyo nachukua kwenye tundu la hedifoni. Waya ni mrefu, aliuleta mzee wa kanisa, nimeuangalia sasa hivi: pete nyeusi mbili.

NotaZaMafinga (11)
Nilihisi. Soma hili taratibu.

Waya wenye pete mbili una njia tatu: ncha, pete ya katikati na shina. Tundu la hedifoni linatoa muziki wa kushoto kwenye ncha na wa kulia kwenye pete ya katikati. Sasa njia ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), ile yenye tundu la nyaya tatu, haijui kushoto wala kulia. Inachukua kilichoko kwenye ncha, halafu INATOA kilichoko kwenye pete. Kutoa kama hesabu ya kutoa. Imetengenezwa hivyo kwa sababu nzuri: mvumo unaoingia kwenye waya mrefu unaingia sawasawa njia zote mbili, ukitoa moja kwa nyingine mvumo unafutika na muziki unabaki. Lakini hiyo inataka muziki ulioletwa umegeuzwa upande mmoja. Wewe umeuletea kushoto na kulia kama vilivyo.

Matokeo yake, kila kilicho sawa pande zote mbili kinafutwa. Kinachobaki ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Nini kina tofauti kubwa? Pedi yenye korasi, ule utundu wa kutanua sauti. Stringi pana. Na riverbu yenyewe! Nini kimekaa katikati? Sehemu kubwa ya piano. Yaani mikisa ilikufutia piano ikakuachia ukungu.

Tumia waya wa pete moja kutoka tundu la nyuma lililoandikwa L/L+R. Hilo linajumlisha pande zote badala ya kutoa. Na fundi akulehemee tundu, kazi ya dakika chache.

MvuaYaTukuyu (12)
Duh. Mwalimu nakuvulia kofia. Kwetu piano "ilichoka" miaka miwili, tukanunua nyingine. Kesho naenda kuangalia pete.

Ipogolo_Darajani (13)
@MvuaYaTukuyu huko kwenu nayo imeingia maji tu, mvua za Tukuyu hazimalizi mwezi bila kutembelea kinanda.

MvuaYaTukuyu (14)
Bora maji kaka yangu, nyie vumbi la Ipogolo mnalipiga kabisa, mnafikiri ni staili.

FundiSaundi_Mwanjelwa (15)
Mwalimu wa Mafinga, maelezo ni sahihi na wengi hapa Mbeya wanaangukia hapo. Lakini halimalizi kesi. Ikitokea hivyo, kitu cha kwanza kupotea ni besi, maana sauti nzito huwa sawa pande zote mbili. Sauti inakuwa nyembamba, kama redio ndogo iliyowekwa kwenye debe. Mwenzetu anasema MATOPE. Matope ni uzito. Uyole, chini kulikuwa na uzito au hakukuwa?

Kinanda_Uyole (16)
Uzito ulikuwepo sana. Ila kuna kijana wa gitaa la besi ana spika yake.

FundiSaundi_Mwanjelwa (17)
Na jengo lilikuwa linavuma naye. Ndilo ninalosema.

Kihesa_Juu (18)
Na pedi ya kushoto imekaa palepale kwenye chumba cha besi. Ndilo ninalosema mimi.

Ipogolo_Darajani (19)
Niongeze la nne, msinipige. Sikio lenyewe. Waamerika wawili, Fletcher na Munson, walipima jambo hili mwaka 1933: ukisikiliza kwa sauti ndogo, sikio linasikia kidogo zile nzito na zile kali sana. Ukifungulia sauti kubwa, nzito zinapanda kuliko za katikati. Huyu ndugu alipanga usiku, hedifoni iko chini asiamshe watoto. Akaongeza pedi, akaongeza stringi, mpaka sikio likatosheka. Jumapili spika zimefunguliwa, uzito wote aliouongeza usiku ukaamka pamoja.

Dawa yake ni kupangia palepale kanisani, kwenye spika zilezile, kwa kiwango kilekile cha Jumapili. Nyumbani panga mpangilio tu, namba za sauti utaweka mbele ya spika.

UmandeMakete (20)
Salamu kutoka Makete wakuu. Huku kuna la tano ambalo nyie wa mabondeni hamulijui: vidole.

Juni na Julai umande unaganda kwenye majani. Ibada ya saa 12 asubuhi unafika mikono imekufa ganzi. Kinanda kinapima kasi ya kidole, kila noti inapewa nguvu kati ya 1 na 127. Usiku nyumbani, jiko liko pembeni, unapiga kwa nguvu za 90. Asubuhi kidole kimekakamaa, unatoa 40. Piano inafuata nguvu ya kidole, inashuka. Stringi na pedi nyingi hazijali sana, zinabaki palepale. Ule mizani wa 100, 85, 80 unakuwa umevunjika na hakuna aliyegusa kitu.

Mimi asubuhi naingia kwenye mpangilio wa mguso naweka Soft, ili hata kidole dhaifu kitoe sauti. Saa 4 mikono ikipata joto narudisha Medium. Na nina glavu zilizokatwa ncha za vidole, shangazi yangu alinifumia kwa sufi ya kijani. Sizitoi mpaka wimbo wa tatu.

Mama_Soprano (21)
@UmandeMakete Njombe nasi ni bondeni leo?

UmandeMakete (22)
Dada, kwa Makete hata Njombe ni pwani.

Kijana_wa_Tunduma (23)
Mimi nilisikia baridi inashusha sauti ya kinanda chenyewe. Asubuhi kinanda chetu na matarumbeta havipatani kabisa, mchana vinapatana.

Tarumbeta_Rungwe (24)
@Kijana_wa_Tunduma hapo nisahihishe, maana ndiyo kazi yangu. Sisi Wamoravian tuna bendi za tarumbeta toka enzi, wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na utamaduni huo, ambao kwao ni wa tangu zamani. Ugonile kwa wa nyumbani.

Kinanda cha umeme hakishuki. Noti zake zinatengenezwa kwa hesabu, A yake ni mitetemo 440 kwa sekunde iwe Makete iwe Dar es Salaam. Tunaoshuka ni sisi tunaopuliza. Hewa ikiwa baridi mwendo wa sauti ndani ya bomba unapungua, na noti inashuka kama senti 3 kwa kila nyuzi 1 ya joto, kwa kipimo cha senti 100 kwa nusu noti. Pumzi inapasha bomba kwa hiyo hatushuki kiasi hicho chote, lakini wimbo wa kwanza tuko chini na kinanda kiko juu, mnasikia kama nyuki wamechokozwa. Hata ogani ya mabomba inapanda na kushuka hivyohivyo kwa joto la kanisa.

Mpiga kinanda wetu ana mipango miwili. Wa kwanza wa asubuhi, ameshusha tuni ya jumla kutoka 440 hadi 436, hiyo ni kama senti 16. Wa pili wa mchana 440. Na msichanganye tuni na transposi! Transposi inahamisha nusu noti nzima nzima. Hiyo mnaihitaji kwa jambo jingine: tarumbeta ya B♭ ikisoma do yake kwenye C, inatoka B♭. Mpiga kinanda akisoma karatasi yetu anaweka −2.

Kihesa_Juu (25)
Hapo kwenye tuni ya jumla mwenye kinanda aangalie kitabu chake. Vinanda vingi havihifadhi tuni hiyo ndani ya kitufe cha mpango. Unabonyeza 1 ukidhani umeshusha, kumbe bado iko 440.

Tarumbeta_Rungwe (26)
Kweli. Wa kwetu anaishusha kwa mkono kabla ya ibada, ameandika kwa peni kwenye plasta juu ya kinanda: "ASUBUHI 436".

NotaZaMafinga (27)
Nirudi kwa @Kihesa_Juu na futi zake, maana ni somo zuri na limepitwa. Vinanda vingi vya sasa vina ukurasa wa ogani wenye vishikio vya kuvuta vilevile. Fungua, utaviona vimeandikwa 16, 5⅓, 8, 4, 2⅔, 2, 1⅗, 1⅓, 1. Anza na vyote sifuri. Vuta 8 mpaka mwisho. Sikiliza. Vuta 4 mpaka kama robo tatu. Vuta 2 mpaka nusu. Usiguse 16 kama kuna gitaa la besi. Hapo una ogani ya nyimbo za kitabuni ambayo tenori na besi hawaizamishi.

Kijana_wa_Tunduma (28)
Hivyo vishikio si vya ogani ya Hammond, ile ya mabomba ya Ujerumani?

NotaZaMafinga (29)
Hammond haina bomba hata moja, na si ya Ujerumani. Ni ya Laurens Hammond wa Marekani, ilianza kuuzwa 1935. Ndani kuna magurudumu ya chuma yenye meno yanazunguka karibu na sumaku, kila gurudumu linazaa wimbi lake. Vishikio viko 9, kila kimoja kina namba 0 hadi 8. Hizo futi ziliazimwa tu kwenye ogani za mabomba ili wapigaji wasipotee. Mpangilio unaandikwa kama namba ya simu: 88 8000 000 maana yake vitatu vya mwanzo vimevutwa vyote, vilivyobaki vimelala. Ndiyo ule mlio wa makanisa ya injili kule kwao, ukiupitisha kwenye spika ya Leslie yenye pembe inayozunguka.

Ipogolo_Darajani (30)
Nimeijaribu sasa hivi 88 8000 000, jirani amekuja kuuliza kama kuna ibada.

MvuaYaTukuyu (31)
Wakuu, nimeangalia. PETE MBILI. Na sisi tundu la hedifoni. Miaka miwili! Nimebadilisha waya, piano ya zamani iliyokuwa stoo imefufuka. Mwalimu ukija Tukuyu una mkungu wa ndizi na debe la parachichi.

Kijana_wa_Tunduma (32)
Swali la pembeni. Rafiki ana Korg, ana mipango mizuri sana. Anitumie faili niweke kwenye Yamaha yangu?

Kihesa_Juu (33)
Haitasoma. Faili la mipango ni la kampuni yake, na mara nyingi la modeli yake. Kinachosafiri ni muziki wa midi. Midi ilianza 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viongee, na mwaka 1991 wakakubaliana orodha moja ya sauti 128: namba 1 ni piano, 20 ni ogani ya kanisa, 49 stringi, 53 kwaya ya "aaa". Akikutumia wimbo wa midi, namba zitakuwa zilezile, ladha itakuwa ya kinanda chako. Mwombe akuandikie tu kwenye karatasi: sauti gani, oktavu gani, kiasi gani, kugawa wapi. Ukipanga mwenyewe unajifunza.

Mama_Soprano (34)
Na mkimaliza kupanga mhifadhi jamani. Mwaka jana siku ya mashindano ya kwaya, mgeni alikaa kwenye kinanda chetu wakati wa chai, akafungua mipango yake kutoka flashi. Tulipopanda jukwaani kitufe cha 3 badala ya ogani kikatoa sauti ya gitaa la kuparuza. Mpiga kinanda wetu alilia, mtu mzima. Hakuwa amehifadhi kama faili, alikuwa ameacha kwenye vitufe tu.

Kihesa_Juu (35)
Hilo ni la kuandikwa ukutani. Kubonyeza Memory na namba ni kuweka mezani. Kuhifadhi benki nzima kama faili ni kufungia kabatini. Anayefungua benki nyingine anafuta meza. Mimi nina flashi mbili, moja kwenye begi la kinanda, nyingine nyumbani kwenye kikombe cha peni.

Na kama unabadili kitufe katikati ya wimbo, jifunze Freeze. Unachagua mdundo na mwendo visiguswe, zibadilike sauti tu. Bila hivyo ukibonyeza 2 kwenye kiitikio, ngoma inaruka na mwendo unabadilika, kwaya inabaki angani.

Kinanda_Uyole (36)
Wakuu nimerudi na ripoti ya Alhamisi na Jumapili.

Alhamisi nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza waya: nikachomeka wa pete moja tundu la L/L+R, huku nimeushikilia kwa mkanda maana bado linalegea. Piano IMERUDI. Nilibonyeza C moja ya katikati nikaisikia kama iko mbele ya uso wangu. @NotaZaMafinga Mungu akubariki.

Nikapiga kofi la @FundiSaundi_Mwanjelwa. Nilifika "mbili" na mkia bado upo. Nikazima riverbu. Stringi oktavu juu, 45. Pedi nikaitoa. Kila mtu mazoezini akafurahi, mwalimu akaniuliza kama tumenunua kinanda kipya.

Jumapili sasa. Kanisa limejaa mpaka nje. Utangulizi piano tupu, tenori wakaingia vizuri kabisa. Lakini ubeti wa kwanza ukawa MKAVU. Kama mtu anayeongea amezibwa pua. Ule mkia wa Alhamisi haupo. Ubeti wa tatu watu wote walipoimba, yale matope yakarudi, piano nikawa siisikii tena, na safari hii waya uko sawa, pedi haipo.

FundiSaundi_Mwanjelwa (37)
Watu wenyewe ndio waliokunywa mwangwi. Makoti, masweta, khanga, vyote vinameza sauti. Alhamisi ulipima jengo tupu. Rudisha riverbu kidogo, ya chumba kidogo, si ukumbi. Ubeti wa tatu ni spika: zimewekwa nyuma ya kwaya, zinaingia kwenye maikrofoni za kwaya zinatoka tena.

Kihesa_Juu (38)
Ubeti wa tatu watu 400 wanaimba oktavu ileile ya piano yako. Panda. Mkono wa kulia oktavu moja juu, au ongeza ogani ya futi 4 na 2. Hutashindana na watu 400 kwenye chumba chao.

Ipogolo_Darajani (39)
Na mtu wa mikisa alipandisha kila kitu watu walipoimba. Fletcher na Munson haohao.

UmandeMakete (40)
Ulikuwa na baridi?

Kinanda_Uyole (41)
@UmandeMakete ibada ya kwanza, ndiyo, baridi ilikuwepo. Nimeweka Soft kuanzia ubeti wa pili.

@Kihesa_Juu kitufe cha 2 nitakiandaa na futi 4 na 2 kwa ajili ya ubeti wa tatu, na Freeze nishaifungua.

NotaZaMafinga (42)
Kabla ya yote hayo lehemu lile tundu. Mkanda ukiachia katikati ya ubeti wa tatu mtarudi hapa kugombana upya.

FundiSaundi_Mwanjelwa (43)
Uyole, mimi nipo Mwanjelwa, si mbali. Jumamosi saa 10 jioni nakuja na chuma cha kulehemu na spika mbili ndogo za kuweka mbele ya kwaya. Waite tenori na besi wasiopungua kumi, waje na masweta yao. Tujaribu tena kwa watu.

Mama_Soprano (44)
Na sopranoo je? Mnapima matope bila sisi?

Kinanda_Uyole (45)
Mama, soprano wote 14 wanakuja, nimeshawatumia ujumbe. Saa 10 jioni. Kofi utapiga wewe fundi, mkono wangu bado una ganzi.